Hoteli Iliyokaguliwa kwa Nyuma

Watu wakisimulia habari za hoteli ya stesheni huanza na mzungu aliyeijenga. Mimi siwezi kuanza hapo. Aliyeijenga alikufa sijazaliwa, simjui wala hanihusu. Ninayemjua ni aliyeifua: mashuka yake, mapazia yake, vitambaa vyake vya meza, na mwishowe hata heshima yake. Huyo ni shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Kama kuna mtu atakayechukia kwamba namtanguliza mfuaji mbele ya wenye leseni, na achukie tu, chai yake nitamwekea pembeni.

Hoteli yenyewe si kubwa. Ukitoka stesheni unaiona ng'ambo ya barabara. Chini kuna baa, chumba cha kulia na ofisi nyembamba kama kabati. Juu kuna vyumba vya kulala vilivyojipanga kwenye veranda ya mbao. Nyuma kuna ua wa saruji, na kuuzunguka ua huo kuna jiko, stoo, chumba cha kufulia chenye masinki ya zege, na vyumba vya wafanyakazi. Shangazi aliingia pale angali msichana, enzi za wakoloni, akapewa aproni na mche wa sabuni, kisha akaambiwa sheria moja: mlango wa mbele si wako. Ulikuwa wa wageni weupe na maofisa wao. Watu wa rangi yetu, awe mpishi, muuza kuni au karani aliyetumwa, walizunguka kwenye kichochoro na kupiga hodi jikoni.

Hoteli haikuruhusiwa kuuza hata chupa moja ya bia bila mtu mwenye leseni, na mwenye leseni ndiye aliyekuwa mwenye hoteli. Shangazi aliwatumikia watatu.

Wa kwanza alikuwa mjenzi mwenyewe, mtu wa reli aliyeacha reli akageukia kiu ya wenzake. Hakuwaita wafanyakazi kwa majina, alipuliza filimbi. Mlio mfupi ulikuwa chai, mrefu maji ya moto, na ule wa kukatakata ulimaanisha kila mtu akimbie, sababu ataijulia mbele ya safari. Wakambandika jina la Bwana Filimbi. Shangazi husema siku aliyokufa ua mzima ulikaa kimya mpaka mchana, si kwa majonzi, ila hakuna aliyejua chai ichemshwe wakati gani.

Leseni ikaenda kwa mjane wake. Huyu alifunga sukari, akafunga sabuni, akafunga mishumaa, na nusura alifunge jua lisiingie dirishani bure. Wakamwita Bibi Funguo. Lakini tumpe mwenye haki haki yake: yeye ndiye aliyemfundisha shangazi kwamba shuka hukunjwa upande wa kulalia ukiwa ndani, ili mgeni akilikunjua awe wa kwanza kuugusa. Alimnyima sukari akampa kazi, na kazi haiyeyuki.

Bibi Funguo alipoamua kurudi kwao alimwachia leseni mtu aliyejiita Kapteni, ambaye kwa tulivyopeleleza hakuwahi kupanda chombo kikubwa kuliko beseni. Kapteni alikaa kaunta akawasimulia wageni dhoruba mpaka wakasinzia. Mengine yote alimwachia shangazi: nyama, mkate, kuni, wafanyakazi, wageni wagonjwa, wageni walevi, bomba lililopasuka. "Muulizeni Mama," ndiyo ilikuwa amri yake pekee, asubuhi na jioni.

Bendera ilipobadilika, Kapteni, ambaye hakuwa na roho mbaya, alifungua mlango wa mbele pande zote mbili, akavua kofia na kusimama kizingitini akisema, karibuni, karibuni jamani. Hakuna aliyeingia. Wateja wapya walikuja kweli, tena kwa wingi, lakini walizunguka kichochoroni, wakapita jikoni, wakawajulia hali wapishi, ndipo wakatokea baa kwa mlango wa ndani. Sheria ilikuwa imebadilika, miguu bado. Miaka ikapita, na wenyeji wa mji wakaendelea kuingia kwa nyuma kana kwamba mbele kuna mbwa.

Kisha Kapteni akafariki, na leseni ikafa naye maana ilikuwa kwa jina lake, wala hakuacha mrithi. Kiwanja kilikuwa cha halmashauri. Halmashauri ikatangaza kwamba anayetaka kuishika hoteli aombe, na bodi ya leseni itakuja kukagua kisha itaamua kwenye baraza la wazi. Waliojitokeza walikuwa wawili. Mmoja alikuwa tajiri wa malori, mtu mwenye kicheko kikubwa na subira ndogo. Yeye alikuwa ameshapita uani na fundi wake, akapima kwa hatua mahali ambapo vyumba vya nyuma vitabomolewa ili malori yaegeshwe. Baa angeibakiza, maana madereva hunywa.

Wa pili alikuwa shangazi.

Akishindwa, alikuwa anapoteza vyote kwa mpigo: kazi, chumba alicholala tangu usichana, na ile hoteli aliyoiangalia kama mtu anavyomwangalia mtoto wa kambo ambaye mwisho wa yote humpenda kuliko wake wa kumzaa. Hakulia wala hakulalamika. Alisema tu, "Nitajikaza kisabuni," akaenda kuwasha jiko.

Ukoo ukakutana. Ukoo, hapa, maana yake ni baba, mama na mimi niliyekuwa nimeolewa karibuni, nikija kila siku kusaidia kupiga pasi. Baba alikuwa fundi cherehani, na kama mafundi cherehani wengi aliamini hakuna tatizo duniani lisilofunikika kwa kitambaa. Akatwaa uongozi bila kupigiwa kura. Ukuta wa mbele ulikuwa umebambuka rangi, basi akaufunika kwa kitambaa chekundu kutoka nguzo hadi nguzo. Akaazima vyungu vya maua kwa majirani. Akawashonea wahudumu makoti yenye vifungo vya shaba vilivyong'aa mpaka mtu akawa anaona haya kuwatuma maji. Juu ya yote akatunga hotuba.

Shangazi, yeye, alikuwa amepiga magoti uani anasugua mtaro.

"Dada," baba akamwambia, mikono kiunoni, "waheshimiwa watakuja kukagua mtaro?"

"Wasipouona watanunusa."

"Watasimama mbele, watatazama baraza, watakunywa chai, watakwenda zao. Watu wakubwa hawaingii jikoni!"

"Chema chajiuza, mdogo wangu. Kibaya ndicho huvalishwa vifungo vya shaba."

Baba akanuna siku nzima. Mama, aliyekuwa anachambua mchele, akamwambia shangazi, "Wifi, mwache acheze na vitambaa vyake. Mwanamume akikosa la kufanya huwa mshauri."

Lakini moyoni niliogopa, na mama vilevile aliogopa. Tulimjua shangazi. Kila alfajiri kazi yake ilianzia nyuma: mtaro, kisha jiko, kisha stoo, kisha mashuka, na mbele ndiko alikomalizia, kama muda umebaki. Mara nyingi haukubaki. Sasa wanakuja watu wanaotazama mbele, nasi mbele yetu ilikuwa kitambaa na maua ya watu. Nilimsihi apumzike, akaniambia mtaro haujui maana ya kupumzika.

Siku ya ukaguzi baba alitupanga tangu asubuhi. Wahudumu walisimama mistari miwili kwenye ngazi, nyuso barabarani, vifungo vikimeremeta. Shangazi aliwekwa katikati amevaa gauni la zambarau lenye mabega ya kupuliza, kazi ya baba mwenyewe, na viatu vilivyombana. Alisimama kama mgonjwa anayesubiri sindano. Baba alitembea huku na huku akinong'ona hotuba yake.

Wakachelewa. Jua likapanda. Mara nikamwona shangazi ananusa.

"Wanga unaungua," akaniambia kwa sauti ya chini. Ni ule wanga wa kukazia vitambaa vya meza, alikuwa ameuacha motoni.

"Shangazi, usithubutu."

Nikageuka kumtazama baba kama amesikia, na nilipogeuka tena pale katikati palikuwa na viatu tu. Nikamkimbilia. Nikamkuta jikoni miguu mitupu, aproni juu ya zambarau, ameipua sufuria motoni na anakoroga kwa mwiko mkubwa. Ndipo mtu akapiga hodi mlango wa nyuma.

"Karibu," shangazi akajibu bila kugeuka. "Kama ni kuni, weka pale chini ya dirisha."

Hazikuwa kuni. Mlangoni alisimama mwanamume wa makamo mwenye tai, nyuma yake mwanamke aliyevaa viatu vyeupe vya uuguzi, na nyuma yao mzee mwenye mwavuli. Nikajua kabla hawajasema. Bodi ya leseni ilikuwa jikoni, na mwombaji wetu alikuwa pekupeku, ana wanga mpaka kwenye kiwiko.

Yule mwenye tai alitazama jiko, akatazama mlango, kisha akatazama miguu yake kama iliyomfanyia usaliti.

"Samahani, mama," akasema. "Naona tumeingilia huku nyuma."

"Mwenyekiti ndiye aliyetuongoza," akasema muuguzi. "Mimi nilishangaa, nikasema labda ndio utaratibu."

"Nilipofika pale kwenye kona, miguu ikakata yenyewe," mwenyekiti akasema, akaanza kucheka kwa aibu. "Jamani, mimi hoteli hii sijawahi kuiingilia mbele. Hata siku moja."

Shangazi akageuka sasa, akamkazia macho.

"Wewe si wa mayai?"

"Ndiye mimi."

"Uliyekuwa unakuja na kikapu enzi za Bibi Funguo?"

"Huyo huyo. Bado unayatia majini?"

"Kila yai. Hata ukileta wewe na hiyo tai yako."

Mwenyekiti akawageukia wenzake. "Huyu mama alikuwa na bakuli la maji hapo hapo mlangoni. Yai likielea, unarudi nalo. Nilirudi na viza mara moja tu. Nilipofika nyumbani mama yangu akaniuliza, umeuza? Nikamwambia nimeuza aibu."

Wakacheka wote ila mimi, niliyekuwa natafuta shimo la kujificha. Nilimshika shangazi mkono, nikamwambia kwa sauti ndogo awaombe wazunguke mbele, baba anawasubiri na kila kitu kimeandaliwa. Aliniangalia kana kwamba nimemwambia awatoe nje wakiwa wamelowa mvua.

"Mgeni ameshaingia ndani umrudishe barabarani?" akasema. Kisha akajifuta mikono. "Haya, mmefikia hapa, anzieni hapa."

Nao wakaanzia pale. Muuguzi alikuwa mtu hatari. Alipitisha kidole chini ya sinki, mahali ambapo mkono wa mtu mwenye akili timamu hauendi, akakitazama, akakipitisha tena. Alifunua mtaro akainama mpaka nikadhani ataingia. Akanusa. Akamtazama shangazi. Akanusa tena, kama ambaye haamini pua yake. Mzee wa mwavuli, karani mstaafu wa mahakama, aliuliza habari za panya.

"Wamehamia kwa jirani," shangazi akamjibu. "Huku hawapati kitu."

Stoo walikuta magunia yameinuliwa juu ya mbao, hakuna lililogusa sakafu. Chumba cha mashuka muuguzi akavuta shuka moja kutoka katikati ya rundo, si la juu, akalikunjua, akalisogeza shavuni. Alilikunja tena, akakosea, shangazi akalichukua mikononi mwake taratibu na kumwonyesha: upande wa kulalia ndani. Muuguzi akarudia mpaka akapatia, na mimi hofu ikaanza kunitoka kidogokidogo, nikasema kumbe, kumbe!

Kutoka huko tukapita chumba cha kulia, tukapita baa, tukatokea ukumbini nyuma kabisa ya mapokezi ya baba. Wahudumu wote walikuwa wametupa migongo, nyuso barabarani, na baba amenyoosha mkono kwa gari lililokuwa linapita.

"Waheshimiwa wajumbe," alikuwa anasema, "mnapoikanyaga ngazi hii kwa mara ya kwanza..."

"Tuko huku," mwenyekiti akasema.

Baba aliruka. Kifungo kimoja cha shaba kilichomoka kwenye koti la mhudumu wa mbele, kikadunda ngazi kwa ngazi mpaka barabarani. Lakini baba yangu si mtu wa kuacha kazi njiani. Aligeuza mwili mzima, akakohoa, akaianza hotuba upya tangu salamu, pamoja na ile sehemu ya kuikanyaga ngazi kwa mara ya kwanza. Walimsikiliza mpaka mwisho, Mungu awabariki. Upepo nao ukapita, kitambaa chekundu kikaachia upande mmoja, na ukuta ukabaki wazi na mabaka yake yote.

"Huku mbele rangi imekwisha," karani mstaafu akasema.

"Imekwisha," shangazi akakubali. "Mbele nitapaka mkinipa leseni. Nyuma hakupakwi rangi, husuguliwa."

Wakaondoka, tena kwa ngazi za mbele, mwenyekiti akishuka polepole kama anayejifunza.

Baraza lilikaa kwenye ukumbi wa halmashauri, na mji mzima ulikuja, maana nani asiyependa uhondo? Tajiri wa malori alitangulia kusema. Alisema vizuri, siwezi kumnyima. Alisema hoteli inahitaji mtu wa maendeleo. Kisha akamgeukia shangazi na tabasamu lake.

"Mama huyu namheshimu. Hata mimi nguo zangu zinafuliwa. Lakini jamani, kufua si kumiliki."

Watu wakaguna. Damu ilinipanda, mama akanikalisha kwa kunivuta gauni. Shangazi akasimama. Safari hii alivaa viatu vyake vya kila siku.

"Bwana Filimbi alikuwa na leseni, mimi nilikuwa na maji ya moto," akasema. "Bibi Funguo alikuwa na leseni, mimi nilijua kilichofungiwa na kinachovuja. Kapteni alikuwa na leseni, akasema muulizeni Mama, wakaniuliza. Wawili wamekufa, mmoja amekwenda kwao, na jana hoteli ilikuwa na wageni na wote wamekula. Sina la kuongeza. Naomba leseni."

Akakaa. Muuguzi akaegemea mbele.

"Nina swali kwa wote wawili. Sheria ya leseni tangu zamani inataka mwenye hoteli alale hotelini. Mgeni akiugua, moto ukizuka, awepo. Bwana, wewe utalala wapi?"

Tajiri akacheka. "Nyumbani kwangu, mke wangu ataniuliza! Nitaweka msimamizi."

"Msimamizi gani? Mwenye kuijua hoteli?"

"Anayeijua vizuri sana."

"Nani huyo?"

Na hapo yule bwana, kwa haraka yake ile ile ya kupimia vyumba vya watu malori, akanyoosha kidole bila kufikiri. "Si huyu mama!"

Nadhani yeye mwenyewe alikuwa wa mwisho kujua alichosema. Kicheko kilianzia nyuma, kikaja mbele kama maji, hadi karani mstaafu akajificha uso kwa mwavuli. Tajiri aliangalia kidole chake, akakirudisha mfukoni. Baadaye alikuja kuwa mteja wetu mzuri, na alikisimulia kisa hicho mwenyewe akiwa kaunta, lakini siku ile alikuwa mwekundu kuliko kitambaa cha baba.

Mwenyekiti alisubiri watu wachoke kucheka. Akanong'ona na muuguzi, akanong'ona na karani, na wote wawili waliitikia kwa kichwa kabla hajamaliza.

"Waombaji wetu wamekubaliana nani anaijua hoteli," akasema. "Bodi haina sababu ya kuwapinga. Leseni ni ya mama."

Mama alipiga kigelegele ambacho naapa kilisikika stesheni. Baba alilia waziwazi, mbele ya wateja wake, akamkumbatia kila aliyekuwa karibu akiwaambia, "Dada yangu! Huyu ni dada yangu!" Wahudumu walimnyanyua shangazi juu juu naye akiwafokea wamshushe, gauni lina pindo jipya. Mimi nilicheka nikalia kwa pamoja. Furaha kama ile sijaipata tena, hata siku ya harusi yangu, mume wangu anisamehe. Tulirudi mji mzima ukiwa nyuma yetu, tukafika kwenye kona ya kichochoro, na watu wakasita wakitazamana. Shangazi hakusita. Alinyoosha moja kwa moja akapanda ngazi za mbele, nasi sote nyuma yake, tukisukumana mlangoni.

Asubuhi yake treni ilileta mgeni, bwana mmoja mwenye sanduku na vumbi la safari. Aliingia akakuta shangazi anavuka ukumbi amebeba rundo la foronya mpaka kidevuni, nami niko mezani ofisini.

"Hamjambo. Namtaka mwenye hoteli," akasema mgeni.

"Hatujambo, karibu. Subiri kidogo nikamwite," shangazi akamjibu, akaenda.

Alifuata korido na foronya zake, akafika mlango wa chumba alichokuwa akilala Kapteni, akainua mkono kubisha. Mkono ukabaki hewani. Mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, nikainuka nimfuate. Kumbe anacheka. Alicheka akiwa ameegemea ule mlango, peke yake, kwa muda mrefu, na mgeni wa watu amesimama na sanduku lake haelewi.

Kisha akarudi. Aliziweka foronya mezani, akajifuta mikono kwenye aproni, akainua uso.

"Nimemleta," akasema. "Ni mimi hapa. Sema shida yako, baba."